Kiti cha Kifungo

Nyumba ya kona,
Mkabala na karakana ya matairi.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu Kifungo,

Kabla sijakusomea mashtaka, pokea salamu zangu, na uzipokee umekaa maana barua ni ndefu. Hujambo? Kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekwisha, au bado unakunywa dawa siku moja na kuisahau siku mbili? Na wifi yangu je, mgongo umepata nafuu tangu wambadilishie kiti kazini? Mwambie nilimuulizia yeye kwanza, wewe baadaye, hata kama barua haionyeshi hivyo.

Sisi huku tupo. Mimi ni mzima, ila macho yameanza kunigomea. Kutunga uzi kwenye sindano siku hizi ni kazi ya dakika tano na matusi mawili. Mama kichwa chake ni kizima kuliko changu, ulimi ni mzima kuliko vyote, magoti ndiyo hayo unayoyajua. Anakusalimu. Bado hataki kukuita jina lako la shule. Kwake wewe ni Kifungo tangu siku ulipomeza kifungo cha koti la mteja wangu, tukashinda siku mbili tunakisubiri kitoke, na mteja naye anasubiri koti.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza kueleza, unasema, "Dada, wewe nunua tu." Nunua tu! Wiki ya tatu hii nalizungukia hilo jakuzi lako, na kadiri ninavyouliza ndivyo ninavyozidi kupotea. Kwa hiyo leo nitasema mimi, wewe utasoma, na hakuna mtu wa kukata simu.

Nianze na magoti, maana ndiyo chanzo. Daktari wa viungo alikuja tena mwezi uliopita na akasema waziwazi, mama akiwa anamsikia. Misuli ya mapaja inasinyaa kwa kukaa. Akifanya mazoezi ndani ya maji ya moto kila siku, maji yatambebea uzito, maumivu yatapungua, na huenda kabla ya mwaka kwisha akawa anatembea mwenyewe hadi getini. Asipofanya, basi kile kiti cha dirishani ndiyo makazi yake. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, kisha akamwambia kwamba amefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja, mikono ndani ya maji ya moto kuanzia asubuhi, na maji hayo hayakumpa miguu, yalimng'oa kucha. Daktari akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Ndipo wewe uliposema huko ng'ambo uliko kila mwenye magoti mabovu anakaa kwenye jakuzi, beseni kubwa lenye mota, na kesho yake fedha zikaingia. Asante, mdogo wangu. Nasema asante kwa dhati, usije ukafikiri sioni unavyojinyima. Lakini nilipompa mama habari hiyo alisema neno moja tu, "Kingine." Wakati ule sikulitilia maanani.

Basi nikaenda kwenye lile duka jipya lenye milango ya vioo, karibu na mzunguko wa barabara. Muuzaji pale ni mtu wa makamo, mpole, ana tai yenye picha za samaki. Jina lake nilitajiwa nikalisahau papo hapo, kwa hiyo tunamwita Bwana Tai. Kitu cha kwanza kuniuliza: "Mnataka ya watu wangapi?"

Nikamwambia ya mtu mmoja, mama yangu. Akacheka kistaarabu. Ya mtu mmoja hakuna, ndogo kabisa ni ya watu wawili, kisha wanne, kisha sita. Nikamuuliza hao wengine watatoka wapi. Akaniuliza tena, "Na mnapenda ya kukaa au yenye sehemu ya kulala?" Kifungo, mimi nimekwenda kumtafutia mama magoti, huyu ananiuliza habari za kulala ndani ya maji! Nikatoa karatasi yangu ya vipimo. Nilikuwa nimempima mama vizuri tu nyumbani, kifua, kiuno, nyonga, na urefu toka bega hadi goti, nikaongeza vidole vinne kila upande ili asibanwe. Bwana Tai akaisoma mbele, akaigeuza akasoma nyuma, akanirudishia kwa mikono miwili. Alichotaka ni upana wa geti. Nimeshona nguo miaka ishirini na sita na hakuna siku mteja wangu alipimwa geti.

Halafu ikaja habari ya maji. Nilidhani angalau maji nayaelewa. Nikamuuliza, mama akishaoga maji yanamwagwa wapi? Akasema hayamwagwi. Yanakaa humo humo miezi mitatu, yanazunguka kwenye chujio na kutiwa dawa. Nikasema, miezi mitatu na povu la sabuni? Akashtuka kweli. Sabuni ni marufuku, inaharibu pampu. Inabidi mtu aoge kwanza bafuni, ajisuuze vizuri, ndipo aingie humo asioge. Nilimwomba arudie mara mbili nikidhani nimesikia vibaya. Unaoga ili uingie kwenye beseni usioge. Niliporudi nyumbani kumweleza mama, yeye dobi, alishusha miwani akaniuliza kama nimepitia juani.

Sasa sikia maajabu ya bei. Bwana Tai alipotaja bei ya ile ya watu wawili nikapiga hesabu kwa vyerehani kama kawaida yangu, nikapata vyerehani kumi na kimoja, vipya. Wakati huo alikuwa ameshaniambia mambo ya hita, ya matundu ya kupuliza maji, ya taa zinazobadilika rangi, na mimi nilikuwa bado nimekwama kwenye matundu. Nikakaa kimya nikijaribu kuyapanga. Akanitazama, akasema, "Basi dada, kumi." Si neno hilo hasa, alitaja fedha, lakini ilikuwa sawa na vyerehani kumi. Mimi sikuwa nimeomba kupunguziwa. Nikazidi kuchanganyikiwa, nikazidi kunyamaza, nikawa nakunja na kukunjua karatasi yangu ya vipimo. Akashuka hadi tisa, akapangusa paji la uso na kusema mimi ni mgumu sana. Mimi! Ambaye wateja wananilipa nusu na kuniahidi nusu! Nilitoka mle dukani naona aibu kama niliyeiba.

Huko nje kuna mwingine, fundi bomba, wanamwita Koki. Anauza yaliyotumika, ameyapanga chini ya turubai nyuma ya ghala la mbao. Huyo bei yake ni nusu, lakini kila ninaporudi kuna kitu kinachouzwa peke yake. Leo mfuniko si sehemu ya bei. Kesho pampu ipo, ila mota ya pampu ni bei nyingine. Nilijaribu kumnyamazia kama nilivyomnyamazia Bwana Tai, na yeye akaninyamazia. Tulikaa hivyo, tukitazamana, mpaka nikaona nachelewa kazini. Nilipoinua chujio la lile alilonisifia kuwa halikutumika hata mwaka, nikakuta humo kibanio cha nywele na jino la kitana. Akasema hiyo ni zawadi.

Kwa hiyo Jumatatu iliyopita nilikuwa hivi: wawili au wanne sijui, ya kukaa au ya kulala sijui, la dukani au la turubai sijui. Fundi umeme alikuja akasema waya wetu ni mwembamba, akaondoka na kikombe chetu cha chai mkononi. Nikakaa mezani nikalia kidogo, nakwambia ukweli, maana nilijiona mjinga na mama anazidi kunywea pale dirishani.

Sijui kama alinisikia. Jumatano asubuhi alisema anataka kwenda kuliona hilo beseni mwenyewe, kabla sijauziwa tangi la kunywesha ng'ombe. Kifungo, mama hajavuka geti tangu mwezi wa kumi na moja! Nilifunga kazi, nikaita teksi, nikamvalisha gauni la kijani nililomshonea, ambalo sasa limempwaya mabegani. Dereva alikuwa mtu wa Mungu, akambeba hadi kiti cha nyuma, na tulipofika akamwingiza dukani akiwa amemshika kama yai.

Bwana Tai alitukimbilia. Mama hakutaka kuambiwa habari za pampu. Aliuliza, "Mwanangu, hili naweza kukaa ndani likiwa kavu?" Tukamnyanyua pale, dereva, Bwana Tai na mimi, tukamtia katika lile la watu wanne ambalo lilikuwa karibu na mlango, kwenye ile sehemu ya kulala. Akanyoosha miguu. Nilimwona anapima na mgongo wake, anapapasa kingo kwa vile vidole vyake.

Kisha akaanza kugawa viti. "Hapa nipo mimi. Pale atakaa huyu fundi wangu. Kile cha mkwe wangu, maana nimemwona kichwa na mabega tu kwenye simu, hata sijui kama ana miguu." Tukacheka. Bwana Tai, kwa biashara yake, akauliza na hiki cha nne, cha pembeni, cha nani.

"Cha mwanangu," mama akasema. "Kifungo. Miaka tisa."

Sasa naomba usome polepole, kwa sababu nilikuwa nimesimama pale pale na bado sijielewi. Bwana Tai aliondoa mkono wake kwenye beseni. Akasema kwa sauti ya chini, "Pole sana, mama. Miaka tisa yote?"

"Aliniambia miwili."

"Wakamwongezea?"

"Kaongeza mwenyewe," mama akasema.

Bwana Tai akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye, na naona wakati huo ndipo akili yangu ilipoanza kufika, lakini mdomo ulikuwa bado uko njiani. Akauliza kama huwa mnaongea. Mama akasema kila Jumapili, kwa simu. Bwana Tai akasema, "Afadhali wanawaruhusu simu." Mama akamwambia na vitu pia unatuma. Blanketi la umeme, kiti cha kujilaza, mashine ya kupima presha. Bwana Tai akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye ngazi ya beseni la jirani. Dereva wa teksi naye akavua kofia.

"Na anatoka lini, mama?"

"Kila mwaka anasema mwakani," mama akajibu. "Nikimuuliza sana, simu inakatika."

Ndugu yangu, hapo Bwana Tai akalegeza tai yake ya samaki, akachukua kalamu, akaandika bei nyingine kwenye karatasi yangu ya vipimo, pembeni ya nyonga za mama. Sikuomba, sikunyamaza kwa ujanja, sikufanya lolote. Ile ya watu wanne, kwa bei ya chini kuliko ya watu wawili! Mfuniko ndani, ngazi ndani, kubeba na kufunga waya mpya ndani. Vyerehani saba tu. Ataishikilia mpaka mwisho wa mwezi huu, baada ya hapo mwenye duka atamuuliza ana kichaa gani.

Kwenye teksi nilimwambia mama kwamba yule mtu anaamini mwanawe yuko jela. Akasema, "Niliulizwa nikajibu. Nitajie neno moja la uongo nililosema." Tangu Jumatano nalitafuta hilo neno. Sijalipata.

Na usifikiri mambo yameishia hapo. Usiku huo huo, nikimpaka dawa magotini, nilimwambia basi, kesho nakwenda kulipa. Akasema nilipe, lije, liwekwe pale kwenye kamba za nguo, lijazwe maji na lipashwe moto. Lakini yeye hatatia hata kidole cha mguu mpaka kile kiti cha pembeni kikaliwe. Nikafikiri anatania. Hakuwa anatania. Alinionyesha kwa kidole juu ya kabati, yalipo maboksi uliyotuma, yote matatu, yakiwa bado na utepe wake, hayajafunguliwa. Ndiyo "Kingine" aliyoisema. Akasema, "Kila nikitaja mtu, naletewa kitu."

Nilimkasirikia, Kifungo. Nakasirika nawe pia, wacha niseme. Nimebaki katikati yenu kama utepe wa kupimia, kila mmoja anavuta upande wake, na wakati huo misuli inasinyaa, haimngojei mtu. Nikamuuliza anataka nini hasa. Akasema urudi moja kwa moja. Nikanyamaza, huku nikiendelea kusugua goti. Akasema basi, mwaka mmoja. Nikanyamaza, kwa kweli nilikuwa nawaza kazi yako na ile nyumba yenu ya kupanga. Akasema miezi mitatu. Nikamwona anaanza kunitazama kama Bwana Tai alivyonitazama. Akasema, "Wiki mbili. Waje wote wawili, wiki mbili." Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Hapo nikaona haya, nikasema haraka haraka, sawa mama, wiki mbili. Maana niliona kwamba nikinyamaza tena, angeshuka mpaka akubali hiyo simu ya Jumapili.

Najua utauliza habari za heshima, mama na mkwe na mtoto wa kiume kwenye maji mamoja. Nilimuuliza mimi kabla yako. Kasema mtakaa ukingoni, miguu tu ndani, aibu iko wapi? Yeye ndiye atakayeingia mzima, na mimi nimeshaanza kumshonea gauni la majini, kitambaa kizito cha bluu, mikono mirefu. Hili halitampwaya, nimempima upya. Sabuni nimemwambia hairuhusiwi. Amesema hilo atalizungumza na maji yenyewe.

Kwa hiyo swali langu si tena wawili au wanne, wala kukaa au kulala. Hayo nimeyaelewa kidogo, au nimeacha kujali. Nataka tarehe. Usiniandikie "mwakani", na usitume kitu.

Nisalimie wifi yangu sana, mwambie mama anangoja kuona miguu yake. Nisalimie na yule jirani yenu wa juu anayekugongea ukikohoa. Fundi bomba Koki hajui kama upo, lakini ukija nitakupeleka umnyamazie. Binamu yetu mwalimu anakusalimu, na mama anakubariki kwa mikono yake yote miwili. Mungu akulinde kazini na njiani, njiani zaidi.

Mimi ni dada yako, anayekupenda hata akiwa amekukasirikia,

Fundi wa nyumba ya kona

Nilikuwa nimeshaikunja barua, Bwana Tai akapiga simu. Anataka kujua lini walilete, ili siku ukifika maji yawe ya moto tayari. Nikataka kumweleza ukweli, nikaupanga kichwani vizuri, na kila nilipoupanga ulikuwa ule ule anaoujua yeye. Aliuliza unatoka lini. Mama alikuwa amekaa karibu, na yeye akageuka kunitazama. Kifungo, niwajibu nini?